Wimbo wa Mapacha na Ofisi ya Vioo Vyeusi

2 Machi

Vumbi la malori limeingia mpaka kwenye sukari. Mama anasema mvua iko karibu kwa kuwa goti lake limeanza kumsumbua, na goti la Mama huaminika hapa nyumbani kuliko redio.

Nimeanza kuandika tena. Naandika Kiswahili, lugha niliyoizoea sekondari nilipokaa kwa shangazi upande wa Kenya. Hapa kwetu Busia, upande wa Uganda, kila mtu anakisema na hakuna anayejisumbua kukisoma, kwa hiyo naweza kuliacha daftari mezani na Mama akaliwekea sufuria ya moto juu bila kufungua hata ukurasa. Raha iliyoje kuwa na kitu ambacho hakuna anayekichungulia.

Habari kubwa: nimeitwa usaili na kampuni ya kupitisha mizigo forodhani. Jina lake sitaliandika. Ofisi yao ina vioo vyeusi; wao wanakuona ukipita na vumbi lako, wewe unajiona mwenyewe tu. Nitaiita Vioo Vyeusi. Tangu nimalize chuo Busitema namsaidia Mama shambani na kusikia majirani wakiuliza kama digrii yangu inapalilia. Naitaka kazi hii mpaka naona aibu.

5 Machi

Usaili ulikwenda vizuri, halafu ukaenda mahali pengine.

Walikuwa wawili. Madam Damalie, mkuu wa wafanyakazi, Muganda kutoka Mukono, mwanamke mnene asiyecheka. Na Bwana Maloba, msaidizi wake, Msamia mwenzetu kutoka Funyula, upande wa Kenya. Nilipomsikia Maloba akinisalimia Kisamia moyo ulitulia. Nikajisemea, huyu ni wa nyumbani, huyu atanibeba. Waliniuliza kuhusu ushuru, hati za mizigo, lori likikwama na samaki ndani utafanya nini. Nilijibu yote.

Kisha Madam akanyoosha mkono. "Leta simu. Fungua."

"Simu ya nini, Madam?"

"Wote wanaotaka kazi hapa wanatoa. Kampuni inataka kujua ni mtu gani anaingia ndani ya nyumba yake."

Niliifungua. Nimekaa hapa najiuliza kwa nini niliifungua, na jibu ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kujiona nimekaa upande wa ndani wa vile vioo. Maloba alitoka nayo chumba cha pili, akakaa nayo muda wa mtu kunywa chai na kumaliza. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Simu ilikuwa na joto.

6 Machi

Niliifuta simu kwa kitambaa na spiriti. Upuuzi, lakini nilifanya.

12 Machi

Mvua! Goti la Mama limeshinda. Tumepanda maharagwe kutwa nzima, matope mpaka magotini.

17 Machi

Nimeitwa tena Vioo Vyeusi, nikadhani naenda kutia sahihi. Madam alikuwa na karatasi mbele yake. Akaanza kusoma, kwa sauti ya mtu anayesoma viwango vya ushuru:

"Mama mapacha, mlango wako mpana, wageni wawili wamepita bila kubisha hodi. Baba mapacha, jembe lako lina mpini wa namna gani, umelima mara moja ukavuna mara mbili."

Nilitaka kucheka. Halafu nikaona hakuna mwingine anayetaka.

Huo ni wimbo wa dada yangu. Desemba Aidah alijifungua mapacha, Opio na Odongo. Kwetu anayezaa mapacha, yeye na mumewe, huimbiwa matusi. Matusi ya chumbani, mchana kweupe, mbele ya wakwe, na mbele ya padri kama amechelewa kuondoka. Ni heshima kubwa. Mama anasema wazazi wasipotukanwa, mapacha hununa, na wakinuna huugua. Siku ile mimi ndiye niliyeongoza wimbo na mimi ndiye niliyerekodi, simu mkono mmoja na kayamba mkono wa pili. Nikaiweka video Facebook kwa laini yangu ya Kenya. Na hapo ndipo kosa langu, kosa la mtu wa mpakani: upande wetu serikali imeifunga Facebook, haifunguki bila ujanja, basi nikaamini kitu nilichokiweka kwa laini ya Kenya kimebaki Kenya.

"Hii ni wewe?" Madam aliuliza.

"Ni mimi."

"Unaimba mlango ya mwanamke mbele ya watu."

"Mwanamke ni dada yangu, Madam. Na mlango wenyewe ulikuwa umetoka kupitisha watoto wawili. Ningeimba nini, dirisha?"

Maloba akaingilia. "Klaenti akiona hii atasema sisi ni watu wa aina gani? Siku hizi mtu ni profile yake, si hizi vyeti. Mimi mwenyewe ndiye nilitafsiri, na nilishtuka."

"Ulishtuka wewe, Bwana Maloba? Kwenu Funyula mapacha huimbiwa nini, wimbo wa taifa?"

Akaangalia dirishani. "Hapa hatuko kijijini, Jovia."

Madam akanisukumia maneno yake moja kwa moja: nifute video mbele yake, kazi ni yangu. Nisipofuta, niende. Nilisimama. Nilimwambia sijaiba, sijamtukana mtu asiyetaka kutukanwa, na kwamba kama kampuni inataka kuingia nyumbani kwetu ibishe hodi kwanza. Nilitoka bila mwavuli na sikuhisi mvua mpaka nilipofika kwenye mnara wa simu.

18 Machi

Mama hajaniuliza kitu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

23 Machi

Mvua. Maharagwe yameota mistari mizuri. Bado nina hasira, hasa na Maloba. Madam ni mgeni, sijui kwao wanafanyaje. Lakini yule anaujua wimbo mpaka kiitikio.

30 Machi

Aidah amekuja na watoto. Mumewe, Bwire, yuko safari ya Juba na lori, na Aidah hana hamu ya kukaa peke yake. Odongo ana tabia ya kumshika Opio sikio na kulala hivyo hivyo, ukimtoa anapiga kelele za kuita mtaa mzima. Aidah alisema, "Jovia, futa tu. Wimbo tumeshauimba, mapacha wameshasikia. Utakaa na video au utakaa na mshahara?" Nilimwambia si suala la video. Akauliza ni suala la nini basi, nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji.

Baadaye nilimkuta Mama amekaa jikoni na kiatu chake kilichofunguka, akikishona kwa uzi wa gunia.

2 Aprili

Nimefuta.

Nilirudi Vioo Vyeusi, na Madam alitaka aone. "Futa nikiona." Nikafuta Facebook. "Na kwa picha za simu." Nikafuta. "Na pale kwa takataka." Nikamwangalia, nikafuta na pale. Maloba akanipa mkono akasema karibu kwenye familia. Mkono wake nimeushika kwa sababu ulikuwa mbele yangu.

7 Aprili

Kazi. Kitambulisho shingoni. Mama amewaonyesha majirani wote, hata wale tusiosemezana nao.

11 Aprili

Kazi naiweza. Hilo niseme. Madereva wananiita "sista wa hati" na wananitafuta mimi.

15 Aprili

Tumeambiwa simu zetu zitakaguliwa kila mwezi. Maloba alisema, "Wewe ni uso wa kampuni hata ukiwa kwenu ukioga." Wenzangu walicheka. Nimejaribu kuandika salamu za Pasaka mtandaoni, nikaandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Yaani nimeanza kujikagua mwenyewe kabla yao, na sijalipwa kwa kazi hiyo.

22 Aprili

Mvua haikatiki. Mama anapalilia peke yake. Magugu yanamshinda.

28 Aprili

Odongo ana homa.

29 Aprili

Wamempeleka hospitali. Nimeomba ruhusa ya saa chache, Maloba akasema niandike barua. Nimeandika.

30 Aprili

Odongo hakuiona jioni.

5 Mei

Tumemzika Jumamosi nyuma ya nyumba ya Bwire, mvua ikinyesha. Mama alikataza watu kulia kwa sauti, Opio asije akasikia akamfuata mwenzake. Kwa hiyo tulilia midomo imefungwa, kundi zima la watu, na sauti pekee ilikuwa ya mvua kwenye mabati na ya majembe. Sijawahi kuona kitu kigumu kama kile. Opio alikuwa mgongoni kwa jirani, anatafuta sikio la kushika. Analo lake. Anashika lake.

Leo Aidah alinyanyuka kitandani kwa mara ya kwanza akaomba picha za Odongo. Tulikusanya simu zote. Simu ya Aidah ni ya vibonyezo. Kwenye simu ya Bwire kuna picha moja, Opio anaonekana na Odongo ni kishungi cha shali. Wengine waliweka sherehe kwenye stetasi ya WhatsApp, ikaisha yenyewe, hakuna aliyehifadhi. Tulikuwa tunadhani watakuwepo siku zote, nani anahifadhi?

Kisha Aidah akasema, taratibu, bila lawama yoyote, "Ile video yako. Pale mwisho alikuwa amemshika mwenzake sikio."

Nilitoka nje nikakaa kwenye matope ya shamba. Alikuwa ameniambia mwenyewe nifute, na hakunikumbusha. Ningependa angenikumbusha.

Nikiwa pale ndipo nikakumbuka kitu kingine: Maloba alitafsiri wimbo neno kwa neno. Mtu hatafsiri kwa kukumbuka. Alikaa na simu yangu muda wa chai nzima. Wanayo.

6 Mei

Naandika yote, kwa mpangilio, nisije nikasahau hata moja.

Niliingia ofisini kwa Madam bila kubisha hodi. Maloba alikuwepo. Nilisema, "Nataka video yangu. Mliinakili tarehe tano Machi. Naomba mnirudishie."

Maloba hata hakukana. "Hiyo iko kwa faili ya waombaji kazi. Ni mali ya kampuni. Ni siri."

"Siri? Mlango wa dada yangu ni siri ya kampuni?"

"Jovia, pole na msiba, lakini kuna utaratibu. Andika barua makao makuu."

"Sauti ni yangu. Dada ni wangu. Watoto ni wetu. Nyinyi mna nini humo ndani, Bwana Maloba, zaidi ya macho?" Nikamgeukia Madam. "Mmoja wa wale watoto amekufa. Odongo amekufa, Madam, na hatuna—"

"Wacha!" Madam alinikata kwa ukali, mkono juu. "Usiseme amekufa. Pacha hafi. Ameruka."

Kisha akajiziba mdomo.

Mtu aliyekulia mpakani anajua lugha za majirani hata asipozisema. Waganda ndio wanaosema hivyo, pacha haitwi aliyekufa, huitwa aliyeruka, na anayelikamata neno hilo kwa haraka namna ile ni mmoja tu, aliyezaa mapacha mwenyewe. Mama wa mapacha kwao huitwa Nalongo, na ni jina ambalo hata waziri huliinamia.

"Kumbe wewe ni Nalongo," nilisema.

Aliushusha mkono polepole kutoka mdomoni.

"Na wewe walikuimbia. Waganda wanaimba makali kuliko sisi. Walikuimbia mlango wako, Nalongo, na ukacheza."

"Waliimba," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Na nilicheza."

"Madam, tafadhali," Maloba alisema kwa Kiingereza cha ofisini, akafunga mlango ambao nilikuwa nimeuacha wazi. Madam aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake na hakukiinua tena. Nilingoja. Nilimpa nafasi yote. Hakukiinua.

Basi nikavua kitambulisho nikakiweka mezani. Nikafungua mlango. Ukumbi ulikuwa umejaa madereva wanaongoja hati, na nilipokuwa napita katikati yao wimbo ulinitoka. Sikuupanga. Sauti ilikuwa imepasuka na nilikuwa nalia, lakini niliuimba wote, mlango na jembe na mpini, mle mle ndani ya Vioo Vyeusi. Utingo mmoja karibu na mlango, Msamia ambaye sijawahi kumwona, aliitikia. Aliitikia mpaka nikafika barabarani.

7 Mei

Sina kazi. Nimelala vizuri.

13 Mei

Mama anasema nilifanya vibaya kuimba huku nimefiwa. Halafu akasema kiitikio alikisikia kwa muuza nyanya sokoni, watu wanauliza ni binti wa nani. Hakuonekana mwenye huzuni akisema hivyo.

19 Mei

Faruku, anayeuza vitunguu karibu na forodha, ana akina mama wengi wanaovuka na bidhaa ndogo ndogo na kukwama kwa kutojua kujaza hati. Alinisimamisha.

"Wewe sista wa hati. Hizi karatasi unajua?"

"Najua."

"Basi meza iko pale. Wamama nao wanachoka kurudishwa."

Nilingoja aniombe simu. Alikuwa ameshageuka kupima vitunguu.

20 Mei

Meza yangu ina mguu mmoja mfupi na mwavuli unaovuja. Wateja wanapanga foleni.

27 Mei

Aidah anakula kidogo. Opio ameota jino. Nimemwandikia mkuu wa makao makuu barua, na nyingine. Kimya. Nitaandika mpaka wajue mwandiko wangu kama wa ndugu yao.

4 Juni

Maharagwe yamekauka vizuri, tumeanza kung'oa. Mvua imebaki ya manyunyu.

9 Juni

Leo mchana nilikuwa namwandikia mama mmoja cheti cha dagaa, kivuli kikasimama mezani. Nikasema ngoja kidogo bila kuinua macho. Kikangoja. Nilipoinua ni Madam Damalie, na viatu vyake vizuri vimejaa matope. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka ofisini, watu wote wakimwona.

"Washa Bluetooth," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Washa, mama. Mimi nasimama kwa mvua."

Niliwasha. Tukakaa pale, simu yake na yangu kwenye meza yenye mguu mfupi, tukiangalia mstari ukijaa polepole. Yule mama wa dagaa akasogeza ndoo yake ili Madam akae, na Madam akakaa juu ya ndoo ya dagaa.

"Wangu wa pili aliruka bado hajajua kukaa," alisema. "Nilikuwa sina simu wakati ule. Sina picha hata moja. Uso yake inaniponyoka. Nilikuona unaenda na wimbo na mimi nimeinamisha kichwa kama mwizi. Tangu siku ile chakula hakipiti."

"Nikiirudisha mtandaoni, Nalongo, watajua imetoka kwako."

"Wajue. Waniulize mimi." Aliinuka, akajipangusa nyuma. "Na uambie yule Maloba, ukimwona, mama yake ni Nalongo pia. Nimeona kwa faili yake. Sisi tunapekua wote."

Alikuwa ameshaondoka ndipo nikacheka, na yule mama wa dagaa akacheka pia bila kujua ni nini. Huyu ndiye mwanamke niliyemwandika humu mnene asiyecheka, na Maloba ndiye niliyedhani atanibeba.

Nikafungua video. Iko yote: kayamba, matope ya Desemba, padri anajifanya anatafuta kofia. Lakini juu yake, kutoka kona hadi kona, Vioo Vyeusi walikuwa wamepiga muhuri mwekundu wa maandishi, ule wanaowapigia waombaji waliokataliwa. NASIRUMBI J. HAFAI: ndiye mimi, tangu siku ile ya Machi nilipokataa kufuta. Hautoki. Nimejaribu, na kijana wa kutengeneza simu amejaribu.

10 Juni

Nilimpelekea Aidah. Alikuwa anapura maharagwe na Mama, Opio kakaa kwenye gunia. Nilimwonya kuhusu muhuri. Aliniambia nikae kimya.

Aliangalia mpaka mwisho, pale wimbo unapokwisha na kamera inainamia watoto mapajani kwake. Odongo yuko pale. Ameshika sikio la mwenzake, anapiga miayo, na herufi nyekundu zinapita juu ya uso wake.

"Imeandikwa nini?" Aidah aliuliza.

"Hafai."

"Nani?"

"Mimi."

Aliirudisha nyuma, akaiangalia tena. Akamweka Opio mapajani ili naye aone, na Opio akaunyoosha mkono kwenye kioo.

"Imemkalia mwanangu usoni," alisema. "Walimwona lini, wakamjua lini? Iweke, Jovia. Iweke hivyo hivyo, watu waone maandishi yao na waone mtoto mwenyewe. Wachague wao nani hafai."

Nimeiweka, kwa laini ya Kenya, wazi kwa kila mtu, na muhuri wao juu. Jina langu lote lipo. Chini yake nimeandika maneno machache tu, na sikuyafuta kisha kuyaandika tena: Huyu aliyeshika sikio ndiye Odongo wetu. Anayeimba ni mimi.